Mshale uliogoma kwenye 0.55: kisa cha Subaru ya turbo iliyokosa presha mjini Tabora

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya mafundi vijana na wenye magari yaliyoongezwa nguvu. Mwenye gari ameridhia kiandikwe. Majina, namba za gari na gereji zilizohusika vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa ufundi yamebadilishwa ili watu wasitambulike.

## Gari lenyewe

Ni Subaru iliyokuja ikiwa imetumika kutoka Japani, injini ya EJ205 ya lita 2.0 na turbo ndogo ya TD04. Mwenye gari ni mtumishi kijana aliyehamishiwa Tabora kutoka Dar es Salaam, na alilinunua likiwa limeshaguswa: egzosi ya inchi tatu kuanzia kwenye turbo, intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) kubwa ya mbele badala ya ile ya asili inayokaa juu ya injini, valvu ya kutoa upepo nje inayopiga "pshuu" ukiachia mafuta, na kompyuta iliyoandikwa ramani mpya, yaani maagizo ya petroli na presha. Solenoidi ya kudhibiti presha, ambayo ni valvu ndogo ya umeme, ilibaki ile ya kiwandani. Pembeni ya usukani kuna geji ya turbo, na akiwa Dar mshale wake ulikuwa unafika bar 0.9, yaani psi 13.

Kwa ambaye hajawahi kuifungua turbo, maelezo mafupi yatasaidia huko mbele. Moshi wa egzosi unazungusha panga la upande wa moto. Panga hilo limefungwa kwenye shafti moja na panga la upande wa baridi, na hilo ndilo linaloshindilia hewa kwenye injini. Likiachwa bila udhibiti, presha ingepanda mpaka kitu kipasuke. Kwa hiyo upande wa egzosi kuna mlango mdogo, westigeti, unaofunguliwa na kopo lenye diaframu na springi ndani. Presha ya turbo yenyewe inapelekwa kwenye kopo hilo kwa mpira mwembamba. Ikiishinda springi, mlango unafunguka na moshi unapita pembeni bila kuzungusha panga.

Kwenye turbo hii springi inaanza kushindwa karibu na bar 0.5. Ili gari lifike 0.9, kompyuta inalihadaa kopo: solenoidi inamwaga sehemu ya upepo unaokwenda huko na kuurudisha kwenye bomba la hewa kabla ya turbo. Kopo linahisi presha ndogo kuliko iliyopo, na mlango unachelewa kufunguka. Solenoidi ikifa au waya wake ukikatika, hakuna kinachomwagwa, na gari linabaki na presha ya springi peke yake. Waliolitengeneza walipanga hivyo makusudi: hitilafu ikitokea, upotee mvuto na injini ibaki salama.

## Tatizo lilivyojitokeza

Miezi ya mwanzo Tabora gari lilikwenda vizuri. Mshale ulikuwa unagusa 0.85, na mwenyewe hakujali. Kisha akalipeleka gereji kwa sevisi ya kawaida ya oili, plagi na eyaklina. Fundi alipofungua boneti aliona mipira midogo ya presha imekauka kwa joto, mmoja tayari una ufa, akashauri yote ibadilishwe. Ushauri ulikuwa sahihi. Akafunga mipira mipya ya silikoni, ya rangi ya bluu, akiikata kwa kufuata urefu wa ile ya zamani. Ya zamani ikaenda kwenye pipa la taka.

Mjini hakuna aliyegundua chochote. Mtu anayetoka Isevya asubuhi kwenda kazini, katikati ya bodaboda na baiskeli, hana mahali pa kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Wiki kadhaa zilipita ndipo alipopata safari ya Nzega. Akiwa kwenye lami iliyonyooka alitaka kulipita lori, akakanyaga, na gari likaitika bila nguvu. Mshale ulipanda mpaka 0.55 ukasimama hapo. Haukuyumba wala kushuka, na aliporudia mbele kidogo, mambo yakawa yaleyale.

Taa ya cheki injini haikuwaka. Gari lilikuwa linawaka vizuri, linatulia vizuri likiwa silensa (injini inawaka bila kukanyagwa mafuta), na ulaji wa mafuta ulikuwa umeongezeka kidogo tu. Alipoulizwa baadaye tatizo lilianza lini, alijibu kwa uaminifu: "Siku ile ya Nzega." Siku ile ndiyo aliyoliona. Lilikuwa limeanza kabla, na kupishana huko kwa tarehe ndiko kulikowapoteza watu wengi waliolishika gari baada yake.

## Maelezo ya kwanza: hewa ya bara

Rafiki yake wa Dar, ambaye naye ana gari la aina hiyohiyo, alimwambia kwa simu kwamba Tabora iko juu, hewa ni nyepesi, na turbo lazima ipungukiwe. Alimwuliza pia mshale unasoma ngapi gari likiwa silensa. Dar ulikuwa unasoma hasi 0.67, Tabora unasoma hasi 0.54. Rafiki akahitimisha kwamba kuna mahali manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye injini, inavuta hewa ya wizi.

Haya ya mwinuko ni ya kweli na yanahesabika. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa pale ni kiasi cha kilopaskali 88, wakati Dar ni 101 (bar moja ni kilopaskali 100). Geji ya aina hii inapima tofauti kati ya presha iliyo ndani ya manifoldi na hewa ya nje. Ndani ya manifoldi gari likiwa silensa kuna kama kilopaskali 34, uwe pwani au bara. Toa 34 kwenye 101 unapata 67, toa kwenye 88 unapata 54. Kwa hiyo usomaji ule ulikuwa wa injini yenye afya iliyo mita 1,200 juu, na hewa ya wizi haikuwepo.

Upande wa nguvu, bar 0.9 ya Dar ni jumla ya kilopaskali 191 ndani ya manifoldi. Bar 0.9 ya Tabora ni 178, pungufu ya asilimia saba hivi. Na kuifikia hiyo 178 turbo ya Tabora inajituma zaidi: pwani inaizidisha hewa ya nje mara 1.89, Tabora inaizidisha mara 2.02. Ndiyo maana ramani nyingi za kompyuta hushusha lengo la presha kadiri gari linavyopanda, panga lisizungushwe kupita uwezo wake. Kutoka 0.9 hadi 0.85, basi, kuna maelezo ya kutosha bila kugusa spana.

Lakini gari lilikuwa kwenye 0.55. Kati ya 0.85 na 0.55 injini inakosa asilimia 17 ya hewa, na Tabora haikupanda mlima kati ya sevisi na safari ya Nzega. Gari lilikuwa limekaa mji uleule, kwenye mwinuko uleule, likisoma 0.85. Mwenye gari aliyakubali maelezo ya rafiki yake kwa muda mrefu kuliko yalivyostahili kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake, na pia hayakuwa na gharama.

## Maelezo ya pili: upepo unavuja

Alipochoka alimwendea fundi wa pili, mzee aliyekulia kwenye malori ya dizeli na ambaye turbo kwake si kitu kigeni. Mzee hakuanza kufungua ovyo. "Mwanangu, kwanza tuone kama upepo wote unafika," alimwambia, na akafanya kipimo ambacho kila gereji inaweza kukifanya.

Alichukua kifuniko cha bomba la maji la plastiki kinachoenea kwenye mdomo wa turbo, akakitoboa na kupachika valvu ya tairi isiyotumia tyubu. Akaondoa bomba la eyaklina, akakaza kifuniko kwa klampu, akaziba njia za kupumulia za injini, kisha akaunganisha kompresa ya kijana anayeziba pancha jirani. Presha ilipandishwa polepole hadi psi 12, maji ya sabuni yakapigwa kwenye kila kiungo.

Povu lilitoka sehemu mbili. Kiungo cha chini cha intakula upande wa kushoto kilikuwa na klampu iliyolegea, na valvu ya "pshuu" ilikuwa inapitisha upepo kidogo hata ikiwa imefunga. Mzee alikaza klampu, akasafisha valvu na kuipa springi mvutano zaidi.

Gari lilipotoka barabarani tofauti ilionekana. Presha ilikuja mapema, kwenye mizunguko kama 3,000 kwa dakika badala ya 3,400, na moshi mweusi wa wakati wa kukanyaga ukapungua. Moshi ule una sababu yake: Subaru hii inapima hewa kwa sensa iliyo karibu na eyaklina, kabla ya turbo. Hewa ikishapimwa halafu ikatorokea njiani, kompyuta inamwaga petroli ya hewa ambayo haikufika. Kwa sababu hiyohiyo valvu ya kutoa upepo nje haifai kwenye gari la namna hii, kwa maoni yangu. Kelele yake inapendwa mtaani, nalijua hilo, lakini kila unapoachia mafuta injini inapata petroli iliyozidi.

Mshale, hata hivyo, ulikuja mapema na kusimama palepale: 0.55.

Hiyo ilikuwa taarifa kubwa. Uvujaji ulikuwa halisi, umeonekana kwa macho na umezibwa. Kuuziba kukabadilisha kasi ya mshale kupanda bila kugusa kimo chake kabisa. Kitu kilichokuwa kinaamua kimo kilikuwa kingine.

## Maelezo ya tatu: turbo imekufa

Mzee aliisoma taarifa hiyo kwa namna nyingine. Kama upepo hauvuji na bado presha ni ndogo, alisema, basi anayeutengeneza amechoka. Akafungua bomba, akalishika panga la turbo kwa vidole na kulitikisa. Lilicheza. Ndani ya mabomba ya intakula kulikuwa na utando wa oili. Kwa mtu aliyezoea malori hizo ni dalili za turbo inayotaka kuondoka.

Ilhali turbo ya beringi za kawaida, zisizo za gololi, huwa na mchezo kidogo wa upande kwa upande injini ikiwa imezimwa, kwa sababu shafti inaelea kwenye oili na oili haina presha wakati huo. Mchezo wa kutilia shaka ni wa kusukuma na kuvuta, kuelekea mbele na nyuma, ambao unatakiwa usihisike kabisa kwa kidole, na ule wa upande uliokua mpaka panga linagusa ukuta na kuacha mikwaruzo. Turbo hii haikuwa na mikwaruzo. Haikuwa na mchezo wa mbele na nyuma. Na utando mwembamba wa oili kwenye mabomba huletwa mara nyingi na mvuke wa injini unaorudishwa kwenye njia ya hewa.

Uamuzi ulikuwa kununua turbo iliyotumika. Sababu za uamuzi zinaeleweka: mzee alikuwa na dalili mbili mkononi, mteja ana haraka, na turbo ya TD04 inapatikana Gerezani, Dar es Salaam, kwa simu moja na kupandishwa basi la usiku. Gharama yake pamoja na ufundi ilimeza sehemu kubwa ya fedha zote zilizotumika kwenye gari hili.

Ilifungwa na gasketi mpya, njia ya oili ikasafishwa, oili ikabadilishwa. Wakatoka nayo. Mshale ulisimama 0.55.

Mwenye gari alikasirika, na hasira ikamwendea aliyemuuzia. Kwenye simu walirushiana maneno, huyu akidai ameuziwa turbo mbovu, yule akiapa kwamba ameiuza nzima. Wote wawili hawakuona ajabu ya jambo lenyewe: turbo mbili zenye umri tofauti, zilizotoka magari tofauti, zinawezaje kufa kwa kipimo kilekile?

## Vipimo vya fundi wa umeme

Ni mzee mwenyewe aliyependekeza aitwe fundi wa umeme wa magari, na kwa hilo anastahili sifa. Wengi wangeagiza turbo ya tatu.

Fundi wa umeme alianza na kopo. Aliunganisha pampu ya baiskeli yenye geji kwenye mdomo wake na kupampu taratibu. Fimbo ilianza kusogea presha ilipofika 0.5, na alipoacha kupampu haikurudi yenyewe. Diaframu haijatoboka, springi ni ya kawaida. Hapo hapo aliandika namba mbili kwenye ganda la sigara, 0.5 na 0.55, akalipachika kwenye wipa.

Akahamia kwenye solenoidi. Upinzani wake ulikuwa omu thelathini na kidogo, sawa. Chini ya dashibodi ya Subaru za miaka hiyo kuna plagi mbili za kijani ambazo kwa kawaida hukaa zimeachana. Ukiziunganisha na kuwasha swichi bila kuwasha injini, kompyuta inaingia kwenye hali ya majaribio na kuanza kuzigongesha pampu ya mafuta, feni na solenoidi kwa zamu. Solenoidi ya presha ikasikika: tak, tak, tak. Akaivua na kuipuliza kwa mdomo. Bila umeme haikupitisha, ilipopewa umeme ilipitisha. Nzima.

Kipimo kilichofuata kina hatari na sikishauri kwa asiye na geji au asiyejizuia mguu. Alivua mpira unaokwenda kwenye kopo, akauziba kwa bolti ili upepo usitoke, na kuacha kopo bila presha yoyote. Westigeti ikiwa hivyo haifunguki kamwe. Wakaenda nje ya mji kwenye barabara tupu, gia ya tatu, mafuta nusu, mwenye gari akiendesha na fundi akiangalia geji, kwa makubaliano kwamba mshale ukigusa 0.8 mguu unatoka. Ulipita 0.55 kama vile hapakuwa na kitu pale, ukagusa 0.8, mguu ukatoka. Walirudia mara moja kuthibitisha, na mpira ukarudishwa kabla hawajageuza gari.

Kwa tukio hilo la sekunde chache mambo mengi yalifutwa kwenye orodha. Turbo inaweza. Egzosi haijaziba. Hakuna uvujaji mkubwa. Gari lote linaweza kutengeneza presha, ila kuna kinachofungua westigeti mapema. Kopo ni zima na solenoidi ni nzima. Palibaki mipira.

"Kaka, kabla ya Nzega gari hili nani aliligusa?"

"Hakuna mtu. Sevisi tu."

"Sevisi ya nini?"

"Oili, plagi, eyaklina. Na hii mipira ya bluu."

## Kijeti kilichotupwa

Kwenye Subaru za turbo za kizazi hiki, mpira unaotoka kwenye mdomo wa turbo kwenda kwenye kiungo cha T una kitu ndani yake: kipande kidogo cha chuma chenye tundu la milimita moja na kidogo. Kwa nje hakionekani. Ukiuminya mpira kwa vidole unakihisi kama punje ngumu katikati, lakini anayevua mpira uliokauka hauminyi, anaukata na kuutupa.

Kazi yake ni kubana upepo unaoingia kwenye T. Kutoka kwenye T njia moja inakwenda kwenye kopo, nyingine kwenye solenoidi. Solenoidi ikimwaga na kijeti kikiwepo, upepo unaoingia ni mchache kuliko unaomwagwa, na presha kwenye kopo inashuka. Kijeti kisipokuwepo, solenoidi inakuwa kama mtu anayechota kwa kikombe maji ya ndoo iliyo chini ya bomba lililofunguliwa mpaka mwisho: anachota kweli, na maji hayapungui. Kopo linaendelea kuhisi karibu presha yote. Mlango unafunguka kwenye 0.5, na kile kidogo ambacho solenoidi inafanikiwa kumwaga kinasogeza mshale hadi 0.55.

Kompyuta haikuwasha taa kwa sababu haikuwa na cha kulalamikia kwenye umeme. Waya ziko sawa, solenoidi inaitika, na presha iko chini, upande ambao hauitii sana wasiwasi.

## Jeti ya pikipiki

Kipande cha asili kingeweza kuagizwa, ila hakuna aliyetaka kusubiri, na spea ya aina hiyo duka la Tabora haliweki. Mzee wa malori ndiye aliyelitatua. Alimtuma kijana kwenye duka la spea za bodaboda kuleta jeti kubwa za kabureta, za namba tofauti. Ni za shaba, zina tundu lililotobolewa kwa usahihi, na mwili wake unaingia kwa kubana ndani ya mpira wa silikoni.

Walizipima kwa biti za kutobolea. Walianza na yenye tundu la milimita 1.5, na uchaguzi huo haukuwa wa kubahatisha. Mtu wa pikipiki akitaka nguvu anaongeza tundu la jeti. Hapa ni kinyume: tundu likiwa dogo, kopo linapata upepo kidogo, na presha inapanda zaidi. Ukianza na tundu dogo mno mshale unaweza kuruka hadi 1.2 kabla hujatoa mguu. Kwa hiyo unaanza na kubwa na kushuka.

Kwa 1.5 mshale ulifika 0.7. Kwa 1.2 ulifika 0.85, ukatulia, na kwenye mizunguko ya juu ukaanza kushuka taratibu kuelekea 0.7. Huko kushuka ni tabia ya TD04, turbo ndogo inayowahi kuamka na kuwahi kuchoka, hasa inapobebeshwa egzosi na intakula za injini kubwa. Mpira ulifungwa klipu pande zote mbili na nyingine juu ya jeti isihame. Betri ikachomolewa kwa muda ili kompyuta isahau marekebisho iliyojifunza wakati presha haipo.

Mwenye gari aliomba waendelee kushuka mpaka bar 1.1. Fundi wa umeme alikataa, na sababu zake ni nzuri. Ramani ya kompyuta iliandikwa kwa 0.9, na hakuna anayejua ina petroli kiasi gani juu ya hapo. Gari la soko la Japani limepangiwa petroli ya okteni kubwa kuliko hii ya vituo vyetu, kwa hiyo injini iko karibu na kugonga, yaani petroli kulipuka yenyewe isivyotakiwa, hata bila kuongezewa. Na kwa hewa ya Tabora, 1.1 maana yake turbo ikandamize mara 2.25, mahali ambapo TD04 inatoa joto kuliko upepo. Kwenye injini za EJ kinachovunjika kwanza mara nyingi ni kingo za pistoni zinazoshika pete, na hapo bili inakuwa ya injini nzima.

## Matokeo

Gari linasoma 0.85 kwenye barabara ya Nzega na ya Sikonge. Turbo iliyonunuliwa imebaki kwenye gari, kwa kuwa kuirudisha ya zamani kungekuwa kulipia ufundi mara mbili bila faida. Ya zamani ilipimwa, ikaonekana nzima, na mwenye gari anaitafutia mteja. Alimpigia simu muuzaji wa Gerezani kumwomba radhi. Fundi wa sevisi aliposimuliwa hakubishana. Alikubali kurudisha pesa ya ufundi wa mipira, na sehemu ya gharama ya turbo ikabaki kwa mwenye gari mwenyewe, jambo ambalo hakulifurahia.

## Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Geji ilikuwa imesema jibu tangu siku ya kwanza, kwa yeyote aliyejua nguvu ya springi. Presha inayovuja hupanda kwa uvivu na hulegea zaidi kadiri injini inavyodai hewa nyingi. Turbo iliyokufa huchelewa, mara nyingi na mlio au moshi wa bluu. Egzosi iliyoziba huanza vizuri kwenye mizunguko ya chini na kukaba kwenye ya juu. Hakuna hata moja ya hizo inayochagua namba moja na kusimama juu yake kila mara. Mshale unaopanda kwa kasi ya kawaida na kugota karibu na nguvu ya springi unamwelekeza fundi kwenye udhibiti: kopo, solenoidi, mipira, au kompyuta iliyoamua kwa makusudi kuondoa presha baada ya kuhisi injini inagonga. Hiyo ya mwisho ilistahili kuchunguzwa kwa mashine inayozungumza lugha ya Subaru. Skana ya bei rahisi iliyounganishwa na simu haikuweza kusoma data hiyo, na katika kisa hiki kipimo cha mpira uliovuliwa kiliokoa muda kwa sababu tu injini haikuwa inagonga.

Sababu zote tatu zilizotajwa mwanzoni zilikuwepo. Mwinuko upo, klampu ilikuwa imelegea, panga lilicheza. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kila moja inaeleza kiasi gani cha upungufu. Mwinuko unaeleza 0.05. Klampu inaeleza mizunguko 400 ya kuchelewa. Mchezo wa panga haukueleza chochote, na ndio uliolipiwa fedha nyingi zaidi.

Kubadilisha turbo kulikuwa jaribio lenye majibu, ingawa la gharama. Turbo ya pili ilipotoa namba ileile, ilikuwa imewaambia kwamba turbo haihusiki. Majibu yakasomwa kama ubovu wa spea. Jambo hili huzoeleka kwetu kwa sababu spea zilizotumika kweli huwa mbovu mara nyingi, na mtu anayetarajia kuibiwa huona wizi kabla ya kuona kipimo.

Kuhusu mipira, fundi wa kwanza alifanya kazi iliyotakiwa kufanywa. Kasoro ilikuwa pipa. Mpira wa zamani ukiwekwa kando ya mpya na kuminywa mwanzo hadi mwisho, kijeti kinapatikana kwa vidole. Gereji ya mzee sasa inafunga kila kilichovuliwa kwenye mfuko mmoja na kumkabidhi mteja, auchukue au autupe mwenyewe.

Limebaki suala la kuhamia pwani, maana mwenye gari anatarajia kurudi Dar siku moja. Kopo na springi hufanya kazi kwa presha iliyozidi ile ya hewa ya nje, kwa hiyo jeti ya 1.2 itatoa kitu karibu na kile inachotoa Tabora kwa usomaji wa geji, ila lengo la kompyuta litapanda na hewa ya pwani ni nzito, hivyo injini itabeba mzigo mkubwa zaidi kwa namba ileile. Akifika, aanze kwa mafuta nusu gia ya tatu. Mshale ukivuka 0.95, arudishe jeti ya 1.5 aliyokabidhiwa, kisha atafute ya kati.